Maelezo kwa Mwalimu Thorsteinson

Mwalimu, nakujua kuanzia mabegani kwenda juu.
Mwaka wa pili huu, na sijui kama u mrefu,
kama unachechemea, kama umevaa ndara
chini ya meza hiyo huko Winnipeg
unapotufundisha kunawa mikono.
Nawe unanijua vivyo hivyo: uso,
kipande cha jokofu nyuma yangu, na mara nyingine
mkono wa mwanangu ukipita kutafuta maziwa.

Umeandika kuuliza dakika kumi na moja zilikwenda wapi.
Kamera, unasema, ilionyesha kiti kitupu,
mlango wazi, na mvuke.

Basi.
Nyumbani kwangu mtandao hulala mapema kuliko watoto.
Ndiyo maana mtihani niliufanyia garini,
nje ya zahanati, pale mawimbi yanapopenya ukuta,
injini ikinguruma, kompyuta imeegemea usukani.
Nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri:
baridi ambayo mate hayafiki chini yakiwa mate.
Yule kijana msimamizi alitaka nizungushe kamera
akione chumba. Nikamwonyesha chumba:
koleo la theluji, kiti cha mtoto, risiti za petroli,
sindano nilizofanyia mazoezi
kwenye paja la paa aliyewindwa na kaka yangu.
Akanyamaza kidogo. Akasema, endelea.

Swali la ishirini na tatu lilinikwamisha.
Wagonjwa wanne, muuguzi mmoja.
Nani umwone kwanza?
Nilikuwa bado nawapanga
kioo kikagongwa.

Ovide Colomb, jirani. Ndevu zote barafu.
Hakuuliza hali. Alisema: betri.
Gari lake limezimika hatua ishirini kutoka kwangu,
Philomene yumo ndani na mablanketi matatu,
na ndege ya kumpeleka kusafishwa damu
haimsubiri mtu, awe askofu.
Barabara nzima, injini iliyokuwa ikipumua
ni yangu peke yake.

Labda huko mjini hujui: huku
mtu akigonga kioo wakati wa baridi, huulizi.
Nilitoa waya. Nyekundu kwa nyekundu,
nyeusi kwenye chuma kitupu.
Glavu moja niliivua, kibanio hakikuwa kikikamatika,
na ngozi ya kidole gumba nikaiacha pale pale.

Tukangoja betri inywe.
Nikaingia kwa Philomene, nikamshika kifundo cha mkono,
si kwa ajili ya kozi yako,
ni kwamba alininyooshea.
Nikahesabu, mazoea tu. Sabini na sita.
Akaniuliza kwa Kikrii kama mtihani umekwisha.
Bado, nikamwambia.
Sasa wewe, akasema, hapa unafanya nini?

Gari likakohoa. Likakohoa. Likashika.

Mwalimu, sikufungua kitabu. Simu ilikuwa mfukoni.
Hakuna aliyeninong'oneza majibu,
labda umhesabu Ovide, aliyesema asante, rudi mbio.
Kama kanuni inasema sifuri, andika sifuri,
nitaufanya tena mwezi wa nne
barabara ikiwa bado inabeba gari.
Siandiki ili unihurumie. Umeuliza, nami nimejibu.

Ila hilo swali la ishirini na tatu linaniwasha.
Niliporudi vidole havikuhisi vitufe;
nikamchagua mzee anayehema kwa shida,
yule anayepiga kelele kuliko wote.
Mwenzetu wa Flin Flon anasema jibu
lilikuwa mama wa kitanda cha tatu,
aliyekuwa kimya.
Ukipata nafasi, nieleze ni kwa nini,
ingawa nadhani, tangu juzi, nimeanza kujua.

Kidole kinapona.

Rosalie