Daftari la Dobi

Spring Bank, mjini Hull, mwaka wa sabini na nane.
Mvua ya huko hainyeshi, inasimama tu hewani
kama mdai mlangoni.
Akaingia kijana mwembamba kama njiti ya kiberiti,
mkononi koti la mahameli, rangi ya zambarau iliyoiva,
kwapani chumvi ya jasho, kwenye ukosi wanja.
"Nalitaka kesho. Kesho naimba."
Pesa hana.

Marehemu mume wangu alikuwa na neno lake:
mali bila daftari hupotea bila habari.
Nikamsogezea daftari. Andika jina, tia sahihi,
siku ukilipa tutapiga mstari.
Akaandika *Terry Blenkin*, herufi za mtoto wa shule,
kila moja imekaa kitako.
Peni tisini.

Wiki ya tatu alileta shati la hariri, malinda kifuani.
Akashika kalamu, akasita.
"Bi Mize, Terry Blenkin anauza samaki.
Nani atalipa kiingilio kumwona Terry Blenkin?"
Akajaribu hapo hapo, juu ya deni langu:
*Lucan Vey*. Akakata. *Lucan Vey*, na mkia wa herufi ya mwisho
ukarudi nyuma, ukajizungusha
kama paka anayetafuta pa kulala.
Hivyo ndivyo nyota alivyozaliwa,
baina ya suruali ya padri na mapazia ya Bibi Stather.

Miaka sita redio hazikumtema.
Nilimwona kwenye televisheni, suti nyeupe,
bega la kushoto limepanda kuliko la kulia.
Mtindo, wakasema vijana.
Mtindo!
Pedi ile niliishona mimi, Ijumaa usiku, kwa pupa, vibaya,
na nchi nzima ikatembea bega upande.

Akipita mjini alikuja bado, gari refu nje, taa zinawaka.
Chenji hana. Matajiri hawana chenji.
Sahihi yake ikaanza kukonda:
*Lucan V*, kisha *L*, kisha mkwaruzo
ule ule aliowagawia wasichana wa barabarani
kwenye tiketi, kwenye viganja,
kwenye plasta ya mguu uliovunjika.

Halafu kimya.
Mitindo ni maji ya kufulia, leo povu, kesho mfereji.

Mkusanyaji sahihi alitoka Leeds, Bwana Ingleby,
glavu nyeupe, kioo cha kukuzia.
Akafunua kurasa kama anayemenya kitunguu,
na macho yakamlenga kweli.
"Saba! Na hii ya jina la kuzaliwa! Pauni elfu moja na mia.
Ila usipige mstari, mama. Mstari unaua bei."
"Deni halijalipwa," nikamwambia.
"Basi omba lisilipwe."

Limelipwa Machi iliyopita.
Aliingia na fimbo, nywele bado amezichana kwa nia,
koti lile lile mkononi, kiwiko kimeliwa.
Akapanga sarafu juu ya kaunta, moja moja,
mkono una tetemeko lake siku hizi:
pauni tisa na peni arobaini.
"Dawa ya deni," nikaanza.
"Kulipa," akamaliza. Nilimfundisha mwenyewe,
zamani, akicheka.

Nilitaka kusema habari ya Leeds. Sikusema.
Akaomba rula, akaisukuma kando,
akapiga mistari kwa mkono mtupu,
ikipanda, ikishuka, kama mtu ashukaye ngazi gizani.
Mkwaruzo, ukaenda. *L*, ikaenda. *Lucan Vey* na paka wake.
Sita.
Kwenye ukurasa wa kwanza akaweka kalamu chini.
"Huyu mwache," akasema. "Huyu bado hajalipa."
Akazirudisha mfukoni peni tisini.

Koti ameliacha.
Nimemwuliza analitaka lini.