Pua ya Faki, Pua ya Kununua

Faki Shaame hajapata kushika kipimo.
Husimama mlango wa boila, kiwandani Mtambile,
huvuta hewa mara moja kama aonjaye mchuzi,
husema: makonyo haya mabichi, mmeyaleta na umande.
Na kweli huwa mabichi.
Miaka ishirini na sita, pua yake ndiyo daftari letu.

Mimi nimepewa karatasi na siku tatu.
"Nunua kihisi cha kupimia moshi," kasema tajiri,
"boila na jenereta, kimoja kitoshe,
na usinifilisi."
Kihisi, basi. Kama mtu akutume samaki
asiseme changu wala tasi,
wa kukaanga au wa kupaka.

Nikampigia muuzaji, Dar es Salaam.
Mkarimu, kwa pesa zisizo zake:
kifaa kina matundu sita, tuyajaze yote sita.
Nikauliza cha oksijeni kinaishi muda gani.
Miaka miwili.
Nikikitumia?
Hata ukikifungia kabatini, dada, kinakula umri wake.
Hapo nikampenda kidogo.

Usiku nikaandika nyuma ya risiti ya unga.
Oksijeni, lazima. Bila hiyo sijui
moto unashiba au unapaliwa.
Salfa, hapana: makonyo hayana salfa ya kunitisha,
na muuza dizeli atanionyesha cheti chake.
Oksidi za nitrojeni nikaandika, nikafuta.
Nikakumbuka jenereta inanguruma chini ya dirisha la chuo,
watoto wanasoma juzuu huku wanakohoa.
Nikaandika tena.

Kuna na kile kinachosoma kwa mwanga usioonekana,
hakichakai upesi, hakidanganyiki ovyo.
Bei yake ng'ombe wawili na ndama.
Nikakitazama kama utazamavyo ghorofa ya jirani,
nikafunua ukurasa.

Ikabaki kaboni monoksidi.
Seli ya bei nafuu haijui kutenganisha:
hidrojeni ikipita, inaihesabu,
mvuke wa mafuta ya karafuu ukipita, inauhesabu,
zote inaziita jina moja,
kama mgeni anavyomwita kila Mpemba Hamad.
Ya ghali ina jicho la ziada la kuitoa hidrojeni hesabuni,
na chujio mdomoni, la kubadilishwa kabla halijashiba.
Hiyo sikuipigia bei.

Vuli ya mwaka juzi, mvua ya usiku kucha,
Mbwana, mtoto wa dada yake Faki,
alijilaza nyuma ya boila, penye joto.
Faki alipita pale mara mbili.
Hakunusa kitu.
Hapakuwa na kitu cha kunusa.

Mbwana yu hai, alhamdulillahi.
Ukimtuma vitu vitatu dukani
hurudi na kimoja, anacheka,
nasi tunacheka naye, tufanyeje.

Boksi likaja na boti ya Jumamosi, limelowa pembe moja.
Faki akakizunguka kile kifaa, mikono nyuma.
"Kinapata mafua?"
Kinapata, nikamwambia. Moshi una maji,
ukipoa unamwagikia ndani, seli zinazama.
Ndiyo kazi ya hiki kikombe, kinakinga maji njiani.
"Aa. Basi pua kweli."

Nikaingiza mrija kwenye tundu la dohani.
Mia nne na kumi.
Mia saba.
Elfu moja na mia mbili, na bado inapanda.
Faki akainua uso, akavuta hewa, taratibu,
akavuta tena.
"Mimi nasikia karafuu tu," akasema.

Nikamgeuzia kioo aone mwenyewe.
Hakunijibu.
Akafungua kilango cha hewa mpaka mwisho,
akazunguka nyuma ya boila, penye joto,
akarudi na kirago cha vijana wa zamu
amekikunja kwapani,
akatoka nacho nje.