Dole Gumba

Leo ni siku ya pesa za wazee,
na foleni imeanza kabla sijainua mlango wa mabati.
Wameketi kwenye ukingo wa mtaro, hapa Kariobangi,
vitambulisho vimefungwa kwa leso, kwa mpira, kwa karatasi ya mkate,
kana kwamba jina ni kitu cha kuchacha.

Mimi ni wakala tu. Nina meza, nina waya dirishani,
na kimashine cheusi chenye jicho jekundu
kinachomuuliza kila mtu swali moja: ni wewe?

Bwana Ombasa hayuko foleni. Ametuma hela zake,
amemaliza, lakini haondoki.
Ana hati ya mshahara iliyokunjwa mara nne,
anainyoosha mezani kwangu kama daktari mwenye picha ya mbavu.
"Ona hapa. Na hapa. Na hapa wamenyofoa.
Mimi nalipa, mtu anakaa mtaroni anangoja.
Nchi haijengwi na wanaokinga mikono."

Simjibu. Mteja ni mteja.
Na niseme kweli: mwezi jana nilisema hivyo hivyo,
nilipomwona Kavutha ng'ambo ya barabara,
ametoka tu kwangu na elfu mbili,
ananunua soda, ile nyeusi, ya baridi, chupa kubwa,
anainywa amesimama, macho kafumba,
mbele ya watu wote.
Nikamwambia muuza mayai: "Umeona?"
Akasema: "Nimeona."
Tukatikisa vichwa kama wazee wa kanisa.
Kufikia jioni soda ilikuwa imekuwa mbili,
kufikia Jumapili ilikuwa bia,
na kuku.

Hakuna aliyehesabu yaliyobaki:
deni la chumba, kwa mwenye nyumba asiyemwamkia,
vidonge vya presha vya wiki mbili
vinavyomezwa leo ndiyo, kesho la, ili vifike mwezi,
unga, makaa nusu debe,
daftari la mjukuu.
Hayo hayana povu. Hayaonekani barabarani.

Sasa ni zamu yake. "Weka kidole, Mama."
Anaweka. Mashine inalia: hapana.
"Kifute, weka tena." Hapana.
"Kipake kwenye paji la uso, kipate mafuta."
Anapaka. Hapana.
Cha kushoto. Hapana. Cha shahada. Hapana.
Foleni inaguna. Ombasa anacheka kwa pua:
"Hata mashine imemkataa!
Pengine ni marehemu, anakula pesa zetu."

Nauchukua mkono, naugeuza kwenye mwanga.
Natafuta ile mistari, ile mizunguko kama ya kisiki.
Haipo.
Ngozi tupu, inang'aa,
kama kijiko kilicholambwa miaka.

"Nilifua," anasema, bila kuulizwa, bila kulalamika,
kama mtu anayetaja mtaa wake.
"Buruburu, Fezi Tatu. Miaka thelathini na minane.
Jiki, mwanangu. Jiki haichagui doa."

Mashuka. Nepi. Kola za mashati
ya watu waliotoka asubuhi wakiwa safi
kwenda kuitafuta hiyo kodi.

Ombasa anaigusa kola yake. Sijui kwa nini.
Anaikunja hati, inakataa mikunjo yake ya zamani,
anaisokota mfukoni, anaondoka bila kuaga.
Sitasema ameaibika. Pengine amechelewa tu.

Nami nabaki na mkono wa mtu mezani,
na jicho jekundu linasubiri,
na ilani niliyoibandika mwenyewe ukutani, kwa gundi yangu:
Bila alama, hakuna malipo.

"Jumatatu," namwambia. "Njoo Jumatatu, kutakuwa na afisa."
"Jumatatu," anasema,
anafunga kitambulisho kwenye leso,
fundo moja, na la pili kwa meno.
Kisha anainama dirishani, polepole, foleni isisikie:
ninaweza kumkopesha hamsini?
Ya soda, anasema. Koo limekauka.

Nampa mia.
Ng'ambo ya barabara muuza mayai ameinua kichwa,
anatutazama.