Jedwali la Igombe

Programu yangu ya kuandikia ni ya bure.
Nasema hivyo kwa sauti ndogo,
kama mtu anayetajishwa umri kwenye harusi ya mdogo wake.

Hapa Kirumba, nyuma ya wauza nyavu,
nachapa wasifu wa kazi, mikataba ya vyumba,
kadi za kipaimara, barua za kuomba radhi kazini.
Kwenye skrini yangu kila kitu kimenyooka.
Matatizo huanza kikishatoka nje.

Jumatatu walikuja akina mama wa dagaa kutoka Igombe,
Mama Nyanjura mbele, daftari kwapani,
daftari lenyewe linanuka kazi yake.
Wanachama ishirini na watatu, safu tano:
jina, hisa, vichanja, deni, saini.
Nikachapa, umeme ukakatika, ukarudi, nikachapa tena.
Wakaondoka na fleshi kwenda halmashauri kuomba mkopo.

Alhamisi wakarudi.
Afisa alikuwa amefungua kwa programu ya kulipia
na jedwali likaporomoka.
Jina la mweka hazina limetumbukia kwenye safu ya madeni,
vichanja vimekuwa hisa,
saini zimehamia ukurasa wa nne, zenyewe,
kama watoto waliorudishwa nyumbani kwa ada.
"Kumbe huwa najidai," akasema Kwandu, mweka hazina.
Wala hakucheka.

Nikatazama nje, mlimani.
Jiwe kubwa kama nyumba limekaa juu ya jiwe dogo
tangu kabla ya mababu, bila gundi, bila leseni.
Masika yanalipiga,
halijasogea hata nafasi moja ya herufi.
Mimi safu tano zimenishinda kufika mjini.

Fundi Mugeta ana dawa ya kila kitu:
"Nikuwekee ile yenyewe, elfu kumi tu, kufuli limeshavunjwa."
Mwaka juzi aliniwekea.
Ikakaa wiki tatu kama mgeni mwenye adabu,
kisha kila faili likageuka njia ya mkato isiyofika popote,
na tasnifu ya kijana mmoja wa Malimbe
ikafa na kurasa zake tisini.
Alilia palepale kwenye benchi.
Nilimrudishia hela. Kurasa sikuwa nazo.

Ile halali inauzwa kwa dola,
kila mwaka, kama pango.
Ukikosa kulipa inakuacha uzisome barua zako
lakini usiziguse.
Nikapiga hesabu kwa kurasa za shilingi mia mia,
nikafika Desemba bado sijala.

Mtasema cha bure kina gharama.
Najua. Ziwa lile pale, halina mlango,
na bili ya maji inakuja kila mwezi.
Lakini siwezi kuitukana programu yangu.
Kuna mtu mahali, simjui,
alikesha akiitengeneza, hakunidai hata salamu.
Nikilalamika naona kama nimeazima jembe
nikamrudishia mwenyewe lawama za mawe ya shamba langu.
Ila nguo ya kuazima haisitiri matako,
na yaliyoonekana Alhamisi hayakuwa yangu.
Yalikuwa ya wanawake ishirini na watatu.

Basi nikachapa majina tu, yakiwa yamepangana wima.
Nikachukua rula na kalamu ya bluu,
nikachora safu kwa mkono, moja moja,
ulimi nje kama mtoto wa darasa la pili.
Kwandu akanishikia karatasi isiteleze.
Wakasaini wote, wengine kwa dole gumba.

Afisa alitaka ya kwenye kompyuta.
Sijui atasema nini.

Mama Nyanjura akaigeuza, akaiangalia nyuma, akaiangalia mbele.
"Na hii ikifunguliwa huko?"
"Hii haifunguliwi, mama," nikamwambia.
"Hii inakunjwa tu."