Mgao wa Kivuli

Wananiita Mama Mpira.
Si mpira wa Jumapili uwanjani,
ni huu wa maji, wenye viraka vinne vya tyubu ya baiskeli,
ninaoukokota kila alfajiri kwenye kibustani cha Makole
kabla jua la Dodoma halijakunja ngumi.

Miarobaini kumi na saba. Mijohoro sita.
Mjakaranda mmoja uliokataa kufa.
Ua la michongoma, na mabenchi matatu ya zege
walipozoea kukaa madalali wa viwanja
wakiuza udongo mwekundu kwa ndimi nyekundu zaidi.

Shule zilipofungwa,
ndoo za kunawia zikaota mlangoni mwa kila duka,
na madalali wakatoweka. Wakaja wengine.
Kijana wa chuo, akiufundisha mjohoro hesabu za riba.
Masinjisa, aliyemzika mkewe bila kupewa mkono wa pole,
akawa kila asubuhi anaweka kiganja kwenye gome:
Mbukwa, anauambia mti,
anasubiri kidogo, kisha anakaa.

Wakaja na wenye visu.
Walitaka majani ya kujifukiza.
Mwarobaini wa kwanza ukabaki mbavu, wa pili, wa tatu,
nikapiga kelele hadi koo likanikauka.
Mama mmoja akanitazama juu ya barakoa ya kitenge:
"Mwanangu anapumua kama msumeno."
Nikamshikia tawi akate vizuri.
Sijui kama lilifaa kitu. Sikumwona tena.

Nyemo, muuguzi wa zamu ya usiku,
alichagua benchi la mwisho, ndani ya ua.
Siku ishirini na mbili hakukanyaga kwake Chang'ombe.
Saa moja na nusu, upande wa pili, penye vumbi la barabara,
shangazi yao aliwaleta Ndahani na Yudita.
Katikati michongoma, imenenepa kwa uzembe wangu wa kupogoa,
mita mbili kamili
bila kuagizwa na wizara.

"Mama, jino limetoka. Nimelitunza ulirushe wewe."
Nyemo akakunja mikono kwapani
kama anayeificha isije ikatoroka.
Bustani haina paa.
Nikamwambia mtoto: urushie mwarobaini.
Akarusha, likarudi; matawi yalikuwa uchi.
Akarusha, likarudi.
La tatu halikurudi,
na kwa mara ya kwanza nikasikia muuguzi yule akicheka,
kicheko chenye kikohozi ndani yake, sote tukanyamaza
tukasubiri kiishe.

Kisha mgao. Bomba likatoa upepo, likatoa kutu, likaacha.
Bosi akasema miti isubiri, watu kwanza.
Nikachukua toroli na madumu sita
nikapita duka kwa duka, saluni, kinu cha kusaga,
nikikinga maji yaliyotoka mikononi mwa watu:
ya wauza vitumbua, ya mafundi cherehani,
ya askari, ya waliokopa, ya waliokopesha.
Wao hawakugusana miezi mile.
Kwenye shina la mwarobaini
viganja vyao vyote vilikutana, vina povu.
Nilihofia sabuni itaunguza mizizi.
Mijohoro miwili ilikauka, sikatai.
Mingine ilikunywa.

Siku hizi madalali wamerudi.
Nyemo hupita mbio na mtoto mkononi,
hanisalimii, ana haraka za watu wazima wenye afya,
nami napenda hivyo.
Masinjisa haji. Sijauliza.

Jana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa
akaniuliza kibustani hiki kina ukubwa gani.
Nikamjibu: siku ishirini na mbili na jino moja.
Akadhani jua limenipanda kichwani.
Nikavuta mpira, niende kwenye mjakaranda.
Pale karibu na koki pamepasuka tena,
panahitaji kiraka cha tano.