Skrubu ya Pembe Tano

Friji la Nyanzobe lililetwa kwa mkokoteni
kutoka Kirumba, limelazwa chali kama mgonjwa,
tumboni linanuka sato wa juzi.
"Halijafa," akaniwahi. "Limenyamaza tu."

Nikaligeuza hapa Makoroboi,
mtaa uliobaki na jina la kazi ya bati:
kopo lililotupwa na mwenyewe
linarudi mjini likiwa taa.
Hakuna aliyeombwa kibali cha kopo.

Mota nzima. Gesi ipo.
Kosa liko kwenye kadi, pana kama kiganja cha mtoto,
na kadi imefungiwa kwa skrubu ya pembe tano
yenye kinundu katikati, kama jino linalokucheka.
Bisibisi zangu kumi na nne zikatazamana.

Ya kumi na tano nikaichonga kwa spoku ya baiskeli.

Kifuniko kikaachia, kibandiko kikachanika:
*Ukifungua, dhamana imekufa.*
Nyanzobe akakisoma mara mbili.
"Nilinunua friji, au nilipanga chumba?"

Kapasita mpya, shilingi mia tano.
Kadi ikawasha taa nyekundu, ikadai namba ya siri.
Nikapiga simu Dar. Muziki. Muziki.
Kisha kijana mpole, mpole kweli:
namba ni ya mawakala, kadi nyingine laki tatu na nusu,
au mama achukue friji jipya, mwezi huu lina punguzo.

"Baba alinunua ng'ombe mnadani Magu," Nyanzobe akasema,
simu ikiwa bado sikioni mwangu,
"muuzaji hakuondoka na ufunguo wa kiwele."

Mimi si mbunge. Nina kitabu cha risiti tu.
Nyuma ya risiti yake nikaandika:
aliyeuza atoe na mchoro,
kipuri kiuzwe bei ya kipuri,
siri ya kifaa isifichwe mwenye kifaa.
Nyanzobe akaninyang'anya kalamu, akaongeza:
na skrubu iwe skrubu.
Msukuma mkokoteni naye akatia sahihi,
kwa kuwa, alisema, redio yake ina maradhi hayohayo.

Jioni nikairuka kadi.
Nikafunga kidhibiti joto cha zamani,
urithi wa marehemu mmoja wa Igoma,
waya mbili, kitufe cha kuzungusha kwa vidole.
Sasa friji linaunguruma Kirumba,
halina akili, halina siri,
na sato wanalala kwenye barafu.

Kadi iko kwenye droo yangu.
Kila nikiionjesha umeme
inawaka nyekundu, inaniuliza mimi ni nani.