Ufa wa Kushoto

Kiboriloni, nyuma ya mabanda ya mitumba,
Aikaruwa ananiletea bunduki yake ya sponji,
kaiviringisha kwenye khanga kama kifaranga mgonjwa.
"Springi nilibadilisha," anakiri.
Ya klachi ya pikipiki!
Plastiki imestahimili mifyatuo mitatu.

Usipoziba ufa... najua, mama, najua.
Napiga msasa. Nanyunyiza magadi,
tone la supaglu; moshi unanichoma jicho.
Spoku ya baiskeli, nyekundu kwa moto wa mkaa,
naizamisha kuukatiza ufa,
mshono mmoja, wa pili.

"Kesho," namwambia. Gundi haijui pupa ya mtoto.

Kesho yake kopo linaruka hadi migombani.
Tunacheka.
Kisha naisikia, ndogo, upande wa kushoto:
ka.

Aikaruwa ananyamaza,
anahesabu spoku zilizobaki.